Mashini Iliyobadilika Sura

Hapa Kasongo, katika jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, sekretaria ni chumba chenye meza, kompyuta moja au mbili ambazo sisi tunaziita mashini, impirimante, na benchi la kungojea zamu. Watu wanaleta barua za kuomba kazi, malalamiko ya mashamba, orodha za wanafunzi, statuti za vikundi vya akina mama, mialiko ya arusi. Wengi wanakaa karibu nami na kunieleza shida yao kwa Kiswahili, mimi naiandika kwa Kifaransa, kisha nawasomea tena kwa Kiswahili ili wajue wanatia sahihi kitu gani. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha watoto wangu tangu baba yao alipofariki. Umeme wa laini hatuna. Mashini inaishi kwa paneli za jua na betri. Impirimante ikianza kufanya kazi lazima tuwashe jenereta, na esansi inafika hapa ikiwa imebeba bei ya barabara nzima. Kwetu, dakika ya kutafuta kitu kwenye ekra inalipiwa. Natanguliza hilo ili msomaji aliye kwenye mji wa umeme aelewe kwa nini naita jambo hili mateso.

Mashini yangu ya zamani ilikuwa na Windows XP ya Kifaransa. Chini kushoto palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa démarrer, na kila kitu kilianzia pale. Mwaka 2013 mashini ile iliungua, fundi akaifungua, akatikisa kichwa. Ndugu yangu aliyeko Bukavu alijinyima akaninunulia nyingine, mpya kabisa. Ilitoka kwa wafanyabiashara wanaopitisha mali Kampala, kwa hiyo maneno yote ndani yake yalikuwa ya Kiingereza, klavye yake nayo ya Kiingereza. Na ndani yake mlikuwa na Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012.

Nilipoiwasha, sikuona meza niliyoizoea. Niliona vigae vya rangi, vikubwa na vidogo, vimejaa ekra mpaka pembeni: hali ya hewa, michezo, duka. Nikabahatisha kigae kimoja, meza ya zamani ikatokea, lakini pale chini kushoto hapakuwa na kitufe. Ili kuzima mashini ilibidi kusogeza kipanya mpaka kona ya kulia, kungoja utepe mweusi utokeze, kuchagua mipangilio, kisha kutafuta alama ya umeme. Nani angenieleza hayo? Karatasi iliyokuja ndani ya katoni ilionyesha tu pa kuchomeka waya.

Siku moja alikuja baba mmoja kutoka Kabambare. Wakati ule mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Salamabila, ulikuwa unajengwa, na vijana na wazee wa Maniema yote walikuwa wakipeleka maombi. Yeye alikuwa amekuja Kasongo kutafuta diploma yake kwenye shule aliyosoma, akataka aondoke na faili kamili: barua, CV, nakala ya diploma. Dereva wa pikipiki alikuwa anamngoja mlangoni. Nikaandika barua vizuri. Kisha nikafungua nakala ya diploma iliyokuwa kwenye flash yake, ikafunika ekra yote. Hapakuwa na msalaba wa kufungia pale juu kulia, wala mstari wa chini, wala njia ninayoijua. Barua yake ilikuwa hai nyuma ya ile diploma, nami siwezi kuifikia. Jenereta inanguruma nje. Nikajaribu kila pembe ya ekra kwa kipanya, vigae vikarudi, nikabonyeza kimoja, diploma ikarudi. Yule baba akawa anatazama jua.

Akaniambia kwa upole, «Mama, hata ya mkono itasomeka.» Basi nikachukua karatasi nyeupe, nikamwandikia barua kwa kalamu, kwa mwandiko wangu ulio bora. Sikumtoza kitu. Alishukuru, akapanda pikipiki, nami nikazima jenereta nikakaa kwenye benchi la wateja nikalia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi niliijua. Kifaransa changu kilikuwa kizima, mpangilio wa barua naujua gizani. Mtu akibadilishiwa milango ya nyumba yake usiku, asubuhi anaonekana mgeni humo humo ndani, na watoto wake wanamtazama.

Baada ya hapo wakaja wanafunzi wa chuo na TFC zao, kazi za mwisho wa masomo, zenye kurasa nyingi, tanbihi, na jedwali la yaliyomo. Huo ndio msimu wetu wa mavuno, na nilikuwa ninaukosa. Wengine walivuka barabara kwenda kwa jirani mwenye mashini ya zamani. Sikuwalaumu, profesa alikuwa amewapa tarehe.

Nilikuwa nasali kila jioni kuhusu mashini ile, na sioni aibu kusema hivyo. Jibu lilikuja kwa mguu. Kijana mmoja aliyekuwa akitunza mashini za shirika fulani aliingia kupiga fotokopi, akaniona ninavyohangaika na kona za ekra. Akasema, «Mama, usikitafute kitufe. Bonyeza hiki chenye dirisha, halafu andika jina la kitu.» Nikabonyeza ufunguo ule wenye alama ya dirisha, vigae vikatokea, nikaandika herufi nne tu za word. Jina likajitokeza lenyewe. Nikapiga Enter, ukurasa mweupe ukafunguka. Kipanya sikukigusa hata mara moja.

Akanionyesha na mengine. Dirisha pamoja na D: unarudi kwenye meza. Alt na F4: ile picha iliyofunika ekra yote inajifunga. Dirisha na I: unapata pa kuzimia mashini bila kungoja utepe utoke kwenye kona. Nikaviandika kwenye kipande cha katoni kwa kalamu nene, nikakibandika ukutani. Kisha akanieleza kwa nini sura ilibadilishwa. Tableti zilikuwa zimeingia sokoni kwa nguvu, na waliounda mfumo huo walitaka uguswe kwa kidole juu ya kioo. Kioo cha mashini yangu hakikusikia kidole. Nilikuwa nimepewa milango ya nyumba nyingine.

Lakini kidole chenyewe nilikuwa nacho, na hapo ndipo nilipoanza kupona. Mimi sikujifunzia kuandika kwenye kompyuta. Nilifundishwa na masista, kwenye mashini ya chuma, na sista aliyetufundisha alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame herufi. Kwa hiyo mikono yangu inajua klavye ya Kifaransa, ile ya AZERTY. Kwenye klavye ya Kiingereza, kila nikiandika Monsieur, mwanzoni palitokea nukta mbili, kwa sababu M imehamishwa. A ilitoka Q. Kijana akaongeza klavye ya Kifaransa kwenye mipangilio. Haikuhitaji mtandao, ilikuwa imelala humo humo. Alama zilizochapwa kwenye vitufe zilibaki za Kiingereza, lakini mimi vitufe sikuwa nikivitazama. Jirani aliyezoea kutafuta herufi kwa macho asingeweza kuitumia mashini ile hata saa moja. Mimi nilienda nayo kwa kasi yangu ya zamani.

Pakabaki Word yenyewe. Kwa Kifaransa, kukoleza maandishi ni Ctrl na G, kwa ajili ya gras. Kwenye Word ya Kiingereza, G inafungua kidirisha kinachouliza unataka kwenda ukurasa gani. Ilinibidi kujifunza B. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko vigae vyote, maana macho yanakubali kufundishwa upya haraka, lakini kidole kilichozoea kinatangulia kabla hujafikiri. Niliandika TFC moja nzima, ya mwanafunzi aliyenivumilia, huku nikitamka «B» kwa sauti kila kichwa cha sura.

Nilikuja kujua baadaye kwamba watu wa dunia nzima walilalamika. Oktoba 2013 ilitoka Windows 8.1 na kitufe kikarudishwa pale kushoto, ingawa ukikibonyeza kilikupeleka kwenye vigae vilevile. Kuishusha kulihitaji zaidi ya giga 3, na sisi tulikuwa tunanunua mega za kusomea barua-pepe. Orodha yenyewe, ile ya kufunguka kutoka chini, ilirudi na Windows 10, Julai 2015. Hata hiyo tuliipata kwa kuchelewa, kwenye flash ya mtu aliyetoka safarini.

Nina neno kwa wanaounda sura hizi, nalo nalisema kwa moyo. Mtu anayefanya kazi kwa betri ana saa zilizohesabiwa kila siku. Ukimhamishia kitufe, unamchukulia katika saa hizo, na wa kwanza kuumia ni yule aliyetoka kijijini kwa pikipiki ili aandikiwe barua. Kama lazima kuhama, acheni mlango wa zamani wazi kwa mwaka mmoja au miwili.

Tangu hapo nimefundisha wasichana kadhaa kazi hii, baadhi yao kutoka familia zilizokimbia vurugu za Salamabila. Siku za mwanzo nachomoa kipanya na kukiweka kwenye droo. Wanafungua, wanaandika, wanatunza, wanachapisha, wanazima, vyote kwa vidole, na mikono imefunikwa kitambaa. Wanalalamika, nami nilimlalamikia sista vilevile.

Mmoja wao amefungua sekretaria yake Kabambare. Alipata mashini yenye Windows 11, ambayo imehamishia vitufe katikati ya mstari wa chini, akanipigia simu asubuhi huku mteja ameketi. «Mama, kushoto hakuna kitu.» Nikamwambia vinaweza kurudishwa kushoto kwenye mipangilio, nitamwelekeza jioni, kwa sasa abonyeze chenye dirisha aandike word. Nikasikia vitufe vikilia. Akasema, «Imefunguka,» kisha akamgeukia mteja wake, simu ikiwa bado wazi, akamuuliza, «Haya Baba, shamba lako linapakana na nani?»