Vitabu 12 vya Kenya vilivyomfungua Nyanya kinywa

UKIMWULIZA mzazi yeyote wa huku Eastlands kama watoto wake husoma, atakujibu bila kusita kwamba husoma, tena usiku na mchana. Atakuonyesha madaftari, vitabu vya marudio na rundo la karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Lakini mwulize ni lini watu wa nyumba yake walisoma pamoja kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyekiagiza. Hapo aghalabu ataanza kukuna kichwa.

Swali hilo ndilo lililozaa shindano lililotushika mwaka mzima wa 2024 nyumbani kwetu Jericho. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu, alituambia siku moja wakati wa chakula kwamba waandishi wa Kenya anaowajua vyema ni wawili tu, na wote wako kwenye mtihani. Baba yake alicheka, kisha akajaribu kuhesabu wake. Hakufika mbali. Usiku huo huo tukakata shauri: vitabu 12 vya Wakenya kwa miezi 12, kimoja kila mwezi.

Masharti yalikuwa machache. Kila mmoja achague kwa zamu. Kitabu kiazimwe, au kinunuliwe kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara katikati ya jiji, kwani mfuko wetu haukuruhusu vipya. Miongozo ya mtihani ni marufuku, maana mwongozo humtafunia msomaji hadi akasahau kwamba ana meno. Na kila usiku baada ya taarifa ya habari, televisheni izimwe kwa nusu saa, mtu mmoja asome kwa sauti.

Sharti hilo la mwisho lililetwa na mama mkwe wangu. Alikuwa na umri wa miaka 80, na alikuwa amekuja kutoka Siaya kutibiwa mtoto wa jicho. Biblia yake ya Kijaluo hakuweza tena kuisoma.

"Msome nami nisikie," alisema. "Au vitabu vya Kenya si vya wazee?"

Vitabu vingi tulivipata karibu. Maktaba ya McMillan ina matawi mawili huku kwetu, Makadara na Kaloleni. Jengo lake kuu la katikati ya jiji lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Ni mwaka 1962, baraza la jiji lilipoichukua maktaba hiyo, ndipo milango ilipofunguliwa kwa wote. Nilipoeleza habari hizo nyumbani, mama mkwe alisema huo ndio mwaka aliofika Nairobi, bi arusi wa miaka 18, mumewe akiwa mfanyakazi wa reli na makao yao yakiwa Makongeni.

Tulianza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Mume wangu ndiye aliyeichagua. Kijana Kongowea anaondoka Tanga kumtafuta babake nchini Kenya, nasi tukamfuata usiku baada ya usiku. Tulipomaliza, mwanangu wa kiume alitukumbusha kwamba mwandishi huyo aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies mnamo Aprili 2020, akafa. Ni njia anayoipita kila siku akienda mjini kutafuta vibarua. Alisema sasa kila akipita pale humkumbuka Kongowea.

Mwezi wa pili ulikuwa wake, naye akaleta Kill Me Quick cha Meja Mwangi. Hiki kimeandikwa kwa Kiingereza, basi nilikisoma nikikitafsiri kwa Kiswahili papo hapo kwa ajili ya Nyanya. Vijana wawili, Meja na Maina, wana vyeti vya shule lakini hawana kazi, na usiku hulala vichochoroni. Mwanangu alikichukua kitabu, akafungua ukurasa wa mbele na kutafuta mwaka. Ulikuwa 1973.

"Kumbe hata babu zetu walitembea na bahasha ya vyeti," alisema.

Hakuna aliyecheka. Lakini tangu siku hiyo mume wangu hakumwuliza tena kwa nini hajapata kazi. Alianza kumwuliza siku yake ilikuwaje.

Mwezi wa tatu tuliingia katika ushairi wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Serikali ilimfunga kwa miaka mitatu kwa sababu ya karatasi aliyoiandika mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Binti yangu aliuliza mbona shuleni hawajaambiwa hayo. Nilimwambia ndiyo sababu tunasoma nyumbani pia.

Kisha Aprili ikafika, zamu yangu. Nilichagua Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotoka mwaka 1986. Mwandishi huyo alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mjaluo na kuchukua uraia wa nchi hii. Kulizuka ubishi kama kitabu chake kinahesabiwa cha Kenya. Tukakubaliana kisikilizwe kwanza.

Kinaanza mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari. Paulina, msichana wa miaka 16, anapanda gari moshi kuja Nairobi kwa mumewe. Ana mimba. Mimba inaharibika, na akitoka hospitalini anapotea njia kwa kuwa mji ni mgeni kwake. Nilikuwa nimefika hapo niliposikia mama mkwe akisema kwa sauti ya chini, "Mimi sikupotea. Jirani alinishika mkono."

Niliweka kitabu magotini.

"Wangu alikuwa msichana," aliendelea. "Alikaa siku mbili. Sikuonyeshwa alikozikwa. Niliambiwa nisilie, nitapata mwingine. Basi nikanyamaza."

Mume wangu alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Maisha yake yote ameitwa kifungua mimba. Ndiye aliyetangulia kuoa, ndiye anayesimama mbele ya ndugu zake katika kila jambo la boma. Katika umri huo wa kukaribia miaka 60 ndipo alipojua kwamba alikuwa na dada aliyemtangulia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Mama, alikuwa na jina?"

Lilikuwepo. Jina hilo nitaliacha liwe letu. Mama mkwe aliagiza Biblia yake iletwe, ile ambayo ukurasa wake wa kwanza una majina ya watoto wake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na akamwambia binti yangu aliandike juu kabisa, mbele ya jina la baba yake. Nafasi ilikuwapo. Alikuwa ameiacha tangu siku alipoanza kuandika orodha hiyo.

Baadaye, tukiwa wawili jikoni, nilimwuliza kwa nini hakupata kulisema. Alinijibu, "Mwanangu, ningeanzia wapi? Sikujua kuna mtu aliyeliona jambo la namna hiyo akaliandika."

Ubishi wa uraia wa kitabu kile haukuzungumzwa tena nyumbani mwetu.

Tuliendelea. Tulisoma The Promised Land ya Grace Ogot, iliyotoka mwaka 1966. Tulisoma Shetani Msalabani, tafsiri ya riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, yeye pia juu ya karatasi za chooni. Kulikuwa na usiku wa kusinzia, na kulikuwa na usiku stima ilipopotea tukasoma kwa mwanga wa simu. Kitabu cha 12 tulikimaliza wiki moja kabla ya Krismasi.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba vitabu vya mtihani havina maana. Mtoto lazima apite. Lakini mtihani huuliza maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Kitabu cha nchi yako, kikisomwa sebuleni mbele ya wazee na vijana, huuliza maswali ambayo majibu yake yako katika kiti cha pili, kwa mtu unayekula naye kila siku, naye anangoja tu aanziwe.

Kwa hivyo tafuteni kimoja mwezi huu, maktabani au kwa mchuuzi. Ikiwa kuna mzee nyumbani, mwekeni karibu na msomaji, na akiingilia kati, msimwambie asubiri sura iishe. Fungeni kitabu mumsikilize.