Tunakwenda kwa Nani?

Nilipomwambia binamu yangu, dereva bodaboda pale Korogwe, kwamba Jumamosi nataka tuchukue pikipiki mbili tupande Lushoto, tufike hadi Mtae, tulale, Jumapili turudi, aliniuliza swali moja tu: "Kwa nani?"

Nikamjibu si kwa mtu. Tunakwenda kutembea, tuone milima.

"Milima tutaiona, haina pa kwenda. Nauliza tunafikia kwa nani?"

Freiburg, kusini mwa Ujerumani, ninakoishi mwaka wa 7 sasa, sijawahi kuulizwa hivyo. Kule tuko watano tunaoendesha pamoja: Wajerumani wawili, Mwitaliano, Mkenya wa Kisumu na mimi. Ujumbe hutumwa Jumatano ukiwa na ramani ya njia, mahali pa kujaza mafuta, mahali pa kula na saa ya kurudi. Ikisemwa saa tatu, ukifika saa tatu na dakika tano unawakuta wenzako wameshavaa glavu, wanakutazama kwa upole unaoumiza kuliko matusi. Tukipata siku nzima tunakwenda mpaka ile B500 ya kaskazini, kilomita 60 hivi kati ya Baden-Baden na Freudenstadt, barabara inayopita juu ya mgongo wa milima ya Schwarzwald kando ya kiziwa cha Mummelsee, mita 1,036 kutoka usawa wa bahari. Pale pikipiki zinajipanga kama daladala stendi. Wazee wenye mvi, wamevaa ngozi nyeusi kuanzia shingoni hadi miguuni, wanakula keki kwa uma. Kisha tunarudi nyumbani. Hatukwenda kwa mtu wala hatukupeleka kitu. Tulichofuata ni kona.

Miezi ya mwanzo niliona ni wazimu kuchoma mafuta yote yale kwa ajili ya kipande cha keki. Lakini nilikuwa nimeshatumia zaidi ya euro 2,000 kwa masomo na mitihani, maana leseni yangu ya Tanzania ilinifaa miezi 6 tu, kwa hiyo ilibidi nifaidi. Na kweli nikanogewa. Ukishaijua kona, ukashusha gia kabla yake badala ya katikati yake, ukaangalia unakotaka kutokea na si korongo lililo pembeni, mwili unapata raha ambayo sina namna ya kumweleza mtu aliyepakia magunia mawili ya mkaa.

Kuna jambo moja nililomsimulia binamu akacheka hadi akakaa chini. Ujerumani unaweza kusajili pikipiki kwa msimu. Pembeni ya namba kwenye kibao huandikwa miezi, mathalani 04 juu na 10 chini, yaani chombo hicho kinaruhusiwa barabarani tangu Aprili mpaka mwisho wa Oktoba. Miezi inayobaki kinalala gereji kimefunikwa shuka.

"Na hesabu ya bosi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikaongeza la pili, kwamba barabara ya kupanda Schauinsland, mlima ulio jirani kabisa na mji wetu, imefungwa kwa pikipiki Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kuanzia Aprili hadi Novemba mosi. Magari yanapita, baiskeli zinapita, sisi hapana. Hili hakucheka. Alilielewa upesi: "Mnapiga kelele kwenye nyumba za watu, na hata abiria hamna."

Basi akapanga safari kwa namna yake. Alipiga simu mbili, ikapatikana shangazi ya mke wake anayeishi Mtae. Pikipiki ya pili, Boxer nyekundu, ilitoka kwa mwenzake wa kijiweni kwa sharti kwamba nimlipe hesabu ya siku mbili. Tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi. Tukaondoka saa nne.

Ukiacha barabara kuu pale Mombo unapanda kilomita zaidi ya 30 hadi Lushoto, karibu mita 1,000 kwenda juu, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Wajerumani ndio waliofikisha reli Mombo, mwaka 1905, na mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal. Mimi nimeifikiria safari hiyo kinyumenyume kwa sababu ya mama mwenye nyumba wangu kule Freiburg. Dirishani kwake ana vyungu vitatu vya ua dogo la zambarau analoliita Usambaraveilchen. Afisa mmoja wa kikoloni alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, kutokana na jina la afisa huyo. Mama huyo amelitunza miaka mingi bila kujua kuwa Usambara ni mahali. Nilipomwambia ndiko kwetu, alilitazama ua, akanitazama mimi, kama vile amegundua sisi ni ndugu.

Kona ya tatu baada ya Mombo binamu alisimama, akanisubiri.

"Kaka, mbona hupigi honi? Unataka ufe kimya kimya?"

Kweli. Ujerumani honi ni kwa ajili ya hatari. Ukiipiga ovyo watu wanakuona huna adabu. Usambara usipoipiga kwenye kona ndipo huna adabu, maana anayeshuka na Fuso la kabichi atajuaje kwamba upo? Nikaanza kupiga, kona baada ya kona, huku najisikia kama bwana harusi.

Salamu nazo zilinitoa jasho. Kule waendesha pikipiki wakipishana hushusha mkono wa kushoto chini kidogo, vidole viwili. Inawezekana kwa sababu wanaendesha kulia, anayekuja yuko kushoto kwako, na mkono wa kulia umeshika mafuta. Huku tunaendesha kushoto. Nilipousahau mwili wangu na kumnyooshea mwenzangu mkono wa kushoto, nilikuwa nikiusalimia mtaro. Na hata angeuona, nani anasalimiwa kwa kushoto? Bodaboda wa mlimani huinua kidevu, basi. Akiwasha taa mara mbili, hiyo si salamu; mbele kuna trafiki.

Juu kidogo ya Soni nikakuta matawi mabichi barabarani. Nikadhani upepo. Binamu alikuwa ameshapunguza mwendo, amekaa kando kabisa. Baada ya kona kulikuwa na lori limekatika ekseli, utingo amelala chini yake. Nimezaliwa nchi hii, na matawi yale yalikuwa alama ya hatari kabla sijajua kusoma, lakini miaka 7 ya pembetatu nyekundu ilikuwa imeyafuta kichwani. Hilo liliniuma.

Sitaki kuwapamba ndugu zangu, hata hivyo. Binamu alipanda mlima ule na kandambili. Kofia ngumu aliining'iniza kwenye kiwiko, akaivaa pale tu tulipokaribia mjini. Siku ya kurudi, kwenye mteremko wa Soni, alizima injini akaacha pikipiki ishuke yenyewe ili kuokoa mafuta, breki ya nyuma peke yake ikilia kama mbuzi. Tuligombana pale pale. Akasema nimekuwa mzungu. Nikasema sawa, mzungu na awashe injini. Akawasha, ila hakuzungumza nami hadi Mombo.

Siku ya kwenda alikuwa mchangamfu. Soni alinunua sukari na mikate, kwani mtu haendi mikono mitupu. Lushoto akampakia mama mmoja aliyekuwa anakwenda Malindi na jogoo wake. Kiti cha nyuma kuwa wazi mlimani ni kama kumtukana anayetembea kwa miguu. Nauli akachukua. Mimi nikabebeshwa mfuko wa mbegu za viazi wa mtu ambaye sikumwona kabisa. Uliteremshwa kijiji cha mbele na kijana aliyeujua.

Karibu na Sunga tairi langu la nyuma likaisha upepo. Nikatoa simu, mazoea. Kabla sijafungua chochote, kijana alishatoka shambani na pampu, mwingine na beseni la maji. Wakavuta tyubu, wakaizamisha, mapovu yakaonyesha tundu. Wakasugua kwa msasa, wakapaka solusheni, wakabana kiraka. Ilichukua dakika 20. Kwenye Schwarzwald niliwahi kukatikiwa na waya wa klachi nikakaa pembeni saa mbili kulisubiri gari la huduma. Waendesha pikipiki walisimama mmoja mmoja kuniuliza kama niko salama, nikasema ndiyo, wakaenda. Hawakukosea. Huduma ilikuwa njiani, na nilikuwa nimeilipia.

Tulipofika Mtae jua linazama juu ya tambarare za Mkomazi. Shangazi alikuwa mlangoni. Shikamoo yangu hakuingoja. "Poleni na pancha," akasema. Habari zilikuwa zimetutangulia.

Nilirudi Freiburg mwezi Mei, nikawasimulia wenzangu pale Mummelsee. Mjerumani mmoja, anayeandika kila safari kwenye daftari, alisikiliza hadi mwisho, akafungua kalamu.

"Kwa jumla mlikwenda kilomita ngapi?"

Nikamwambia sijui. Waya wa mita ya ile Boxer ulikatika mwaka juzi, na mwenyewe hajaona haja ya kuutengeneza.