Wazo la Ndugu Nalo ni Amana

Mwaka 1976 televisheni ya Uingereza ilionyesha tamthilia «Rock Follies», juu ya wanawake watatu wanaotafuta sifa kwa muziki wa roki. Wazo lake lilitoka kwa waimbaji watatu wa kweli, kundi la Rock Bottom, pamoja na mtunzi wao. Walilitoa kwa kuaminiana. Lakini kampuni ikawapa wengine nafasi zao. Walishtaki, na Mahakama Kuu ya London ikawapa haki.

Hapo twajifunza kwamba amri ya saba hailindi fedha na mashamba peke yake. Mwenzetu mnyonge akitoa shauri jema katika jumuiya, tusilitangaze kesho kama letu. Tulitaje jina lake mbele ya wote.