Kuchutama Juu ya Barafu

Katika milima ya Uluguru kuchutama hakuhesabiwi kuwa elimu. Mtoto huchutama kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Mama huchutama mbele ya mafiga; mkulima huchutama akipalilia maharage katika shamba lenye mteremko mkali; na mzee aliyechoka huchutama kando ya njia, akautazama mji ulio chini kama mtu atazamaye sinia. Hapana afundishwaye jambo hilo, wala hapana asifiwaye kwa kulijua. Basi ilikuwa ajabu kubwa katika ukoo mmoja wenye mashamba juu ya mji wa Morogoro iliposikiwa ya kuwa binti yao, mwalimu wa elimu ya udongo, mwenye watoto wawili na umri wa miaka 42, alikuwa akilipa fedha huko Ulaya ili afundishwe kuchutama.

Habari hiyo ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote. Alilokuwa akifundishwa ni kuchutama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ukiwa umenyooshwa mbele, juu ya chuma chembamba, juu ya barafu, huku mwili mzima ukizunguka kama pia.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na chuo cha Ås, katika nchi ya Norway, vimekuwa na urafiki wa miaka mingi, na watu wengi wa Morogoro wamepita katika njia hiyo kwenda kusoma. Mwanamke huyu aliipita akiwa na miaka 39. Katika majira ya baridi ya kwanza alianguka mara mbili barabarani, na mara ya pili alianguka mbele ya wanafunzi. Haya ilimwuma kuliko nyonga. Yeye tangu utoto alishuka njia za Uluguru wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa laini kama sabuni, na mkungu wa ndizi kichwani. Kuangushwa na njia iliyo tambarare aliona ni tusi. Akaenda kwenye uwanja wa barafu wa mji wa jirani ili ajifunze kusimama, si zaidi. Alipojua kusimama hakuondoka.

Nchi ile ndiyo iliyomzaa Sonja Henie, aliyetwaa nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya 1928, 1932 na 1936, na huko mtu mzima akitoka jioni na viatu vya kutelezea begani haulizwi sababu. Hata mashindano wanayo watu wa umri huo: mwaka wa 2005 yalianzishwa mashindano ya kimataifa ya watelezaji watu wazima katika mji wa Oberstdorf, Ujerumani, ambayo mtu hakuruhusiwa kuyaingia kabla hajatimiza miaka 28. Lakini mwalimu huyu wa udongo hakutamani nishani. Alitamani kitu kimoja, nacho ni ule mzunguko wa kuchutama.

Mzunguko huo una baba yake. Jackson Haines, Mmarekani aliyekuwa mcheza dansi wa jukwaani, aliuonyesha kwa watu wa Ulaya katika miaka ya 1860. Kwao hakupata sifa nyingi, kwa maana watelezaji wa siku zile walipenda kukakamaa na kuchora michoro juu ya barafu kwa uangalifu wa karani. Mji wa Vienna ulimpokea kwa muziki na kumwiga. Alifariki Finland katika miaka ya 1870, na mahali pengine mzunguko wa kuchutama huitwa kwa jina lake hata leo. Sheria yake ni fupi: paja la mguu unaokanyaga lazima lilingane na barafu, au lishuke chini zaidi. Likibaki juu ya hapo, mzunguko hauhesabiwi kuwa wa kuchutama, hata ukizungukwa kwa madaha ya namna gani.

Kwa muda wa miaka miwili paja la mwanamke huyu lilibaki juu ya hapo. Mwalimu wake, msichana wa miaka 23, alimpiga picha kwa simu kila wiki, na picha haikuwa na huruma. Moyoni alijiona amekaa chini kama chura. Katika picha alionekana kama mtu anayeanza kuketi kitini, kisha akakumbuka kuwa ameacha chungu motoni.

Kosa lake lilikuwa kosa la watu wazima wengi. Mtelezaji anayezunguka kwa mguu wa kushoto huingia kwa makali ya nje ya chuma, goti likiwa limekunjwa, akichora duara linalozidi kuwa dogo, mpaka chuma kigeuke na mwili upate kitovu chake. Kitovu kikipatikana, mguu ulio huru hutoka nyuma, ukapita kando kwa upana, ukafika mbele. Na mwili hushuka pamoja nao. Mtoto hushuka kwa wakati wake kwa kuwa hana habari na wakati. Mtu mzima ajua ya kuwa ataanguka, basi hufanya haraka ili aondokane na jambo hilo. Hushuka kabla kitovu hakijapatikana; uzito hukimbilia kisigino badala ya kukaa nyuma kidogo ya vidole; naye hujikuta ameketi kweli kweli, kwa namna ambayo sheria haikuikusudia. Tena, ajuaye pia ajua ya kuwa kitu kilichokusanyika huzunguka upesi, na kilichotawanyika hupungua kasi. Mguu ulionyooshwa mbele ni mtawanyiko mkubwa. Aliyeingia kwa woga, yaani kwa kasi ndogo, hufika chini akiwa hana mwendo wa kumweka huko.

Lilikuwapo kosa la pili, nalo lilimtia aibu zaidi. Goti haliwezi kwenda mbele ila kifundo cha mguu kikikubali. Jioni moja mwalimu aliwataka wanafunzi wake wote watu wazima wachutame sakafuni kwa miguu miwili, visigino vikigusa chini. Wazungu walipepesuka mmoja mmoja. Binti wa Uluguru alicheka, akachutama, na visigino vyake vikainuka. Miaka 20 ya viti, meza na viatu virefu ilikuwa imemnyang'anya kitu ambacho hakujua kuwa anacho.

Mwaka wa tatu alirudi Morogoro kwa miezi mitatu ya kiangazi, kupima udongo unaochukuliwa na mvua katika mashamba ya milimani. Barafu hapakuwa. Katika nyumba ya dada yake, huko Bigwa, ilikuwapo baraza ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Kila alfajiri alivaa soksi, akashika nguzo, akashuka kwa mguu mmoja na kuinuka, mara kumi kwa kila mguu. Watoto wa jirani waliketi ukutani wakimhesabia. Wengine walisema anaumwa.

Kazi ya udongo ilimpandisha mlimani kwa mama yake mkubwa. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita kama 500 juu ya bahari, na kilele cha Lupanga chapita mita 2,100. Mashamba ya ukoo yako baina ya hapo, mahali ambapo ndizi na maharage hushikilia mlima kwa mizizi yao. Mama mkubwa alikuwa amepita miaka 70.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia Wazungu wanakufundisha kuchutama. Hebu nione."

Akachutama. Mama mkubwa alivitazama visigino, kisha akanyosha kidole kimoja, akamsukuma kwenye paji la uso. Msomi akalala chali.

"Unaogopa chini," alisema mzee, bila kucheka. "Anayeogopa chini hashuki, hujikunja tu. Chukua ungo huu."

Wiki tatu alichambua maharage akiwa amechutama, akapalilia akiwa amechutama, akapika akiwa amechutama. Siku za kwanza shavu la mguu lilimwaka kama lililopakwa pilipili. Wiki ya pili visigino vilifika chini, kwanza kwa hila, kisha kwa hiari. Jambo lililomfaa zaidi, hata hivyo, hakulipata kwenye ungo. Alilipata jioni moja waliporudi na kuni, mama mkubwa akatua mzigo peke yake. Mzee hakushuka mara alipofika. Alisimama kitambo, shingo imenyooka, macho mbele, mpaka kuni zikaacha kutikisika. Ndipo alipokunja magoti.

"Mbona unangoja, mama?"

"Ukishuka na mzigo haujatulia, mtashuka wawili, kila mtu kwa njia yake."

Mwalimu wa miaka 23 alikuwa amelisema neno hilo hilo kwa Kinorwe zaidi ya mara 100.

Lakini macho yaliyozoezwa kutazama magoti hayachagui la kuona. Aliona ya kuwa mama mkubwa huchutama kama msichana, ila kuinuka haiwi hivyo. Shambani huukita mpini wa jembe ardhini, akaupandia kwa mikono. Jikoni hushika mwimo wa mlango. Pasipo na kitu hungoja, akijifanya anatafuta punje iliyoanguka, mpaka mtu apite karibu na bega lake lishikike. Alifanya haya kwa ustadi mkubwa, hata watu wa nyumbani hawakuwa na habari.

Na habari hiyo ilikuwa na uzito. Jumapili moja mjomba aliita watu wa ukoo. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na neno la mjomba katika mambo ya ukoo si dogo. Shauri lilikuwa kama mama mkubwa ateremke akae mjini kwa mwanawe. Mlimani mtu asiyeweza kuchutama amekwisha kazi: hana jiko, hana shamba, wala choo hakimfai. Wengi walitaka ateremke kwa mapenzi, na mmoja au wawili, yawezekana, walilitazama shamba lake la ndizi.

"Huko mjini nitachutamia nini?" aliuliza mzee. Hapana aliyejibu.

Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Wewe umekaa naye wiki tatu, na mambo ya magoti umeyasomea. Bado anachutama?"

"Anachutama, mjomba. Anachutama kuliko mimi."

Ilikuwa kweli. Watu walicheka, na shauri likahamia kwenye bati za nyumba zilizoanza kuvuja. Juu ya kuinuka hakuulizwa. Mama mkubwa aliendelea kuchambua maharage, na hakumtazama mpaka wageni wote walipokwisha kuteremka.

Aliporudi Norway alimweleza jirani mmoja mambo haya, jirani akasema kuwa amefanya vema. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Usiku alikuwa akifikiri juu ya mpini wa jembe, na juu ya udongo wa mlimani wakati wa masika, ambao anaujua kwa kipimo.

Mwezi wa Novemba, katika wiki ya tatu ya mazoezi, aliingia kwa kasi ambayo hakuwahi kuithubutu, akapata kitovu, akangoja. Woga ulimwambia sasa. Akangoja mzunguko mmoja zaidi, shingo imenyooka, kama mtu mwenye kuni kichwani. Kisha mguu ulipita kando ukafika mbele, na kifundo kikakubali. Wanafunzi waliosimama kando walihesabu mizunguko mitatu. Katika picha ya simu paja lililala sawa na barafu, na nywele zake zilikuwa zimekwenda upande.

Aliituma picha hiyo kwa mtoto wa mama mkubwa, naye alipanda nayo mlimani siku ya Jumamosi. Jibu lilikuja usiku.

"Mama ameitazama mara nne. Anasema kuchutama umejua. Anauliza mbona picha imekatika kabla hujainuka."

Picha haikukatika. Aliikata mwenyewe, kwa sababu aliinuka kwa kushika barafu kwa mikono miwili.