Ukienda Kilwa Kuona Magofu



Umeuza korosho. Umelipa madeni na kununua mahitaji ya shule ya watoto. Akiba kidogo imebaki. Wengi wetu akiba hiyo huitumia kwenda kuwaona ndugu Mtwara au Dar es Salaam. Mwaka huu nakushauri uweke fedha kidogo kando kwa safari nyingine. Nenda Kilwa Kisiwani ukaone mji wa kale.

Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuuona mji huo. Wewe uko karibu kuliko wao. Lakini kwenda kuona mji wa kale si sawa na kwenda gulioni. Mgeni asiyejua taratibu hupoteza fedha yake bure. Tena anaweza kuharibu kitu ambacho hakiwezi kupatikana tena. Basi soma mashauri haya kabla ya kufunga mzigo.

KILWA ILIKUWA MJI GANI?

Miaka 700 hivi iliyopita Kilwa Kisiwani ilikuwa mji tajiri. Dhahabu ilitoka Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Pembe za ndovu zilitoka bara. Vyombo vya kauri vilitoka China. Sultani wa Kilwa alitengeneza sarafu zake mwenyewe za shaba. Sarafu moja ya Kilwa iliokotwa mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, akausifu mji. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia na kuupora. Mwaka 1981 UNESCO iliandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia.

Usiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa pwani." Katika karne ya 19, misafara ya watumwa na pembe ilitoka bara hadi Kilwa Kivinje. Na Masasi yetu je? Mwaka 1876 wamisionari walifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakajenga makazi hapo. Kwa hiyo historia ya pwani na historia yetu zimefungamana.

CHAGUA WAKATI MZURI

Usiende wakati wa mvua nyingi. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya na mvua kubwa vilikata barabara kuu wilayani Kilwa. Magari yalikwama na abiria walipata taabu.

Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo sitakushauri uache mikorosho yako na ugonjwa wa ubwiri. Nenda ukishamaliza kupulizia dawa, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Wakati huo barabara ni kavu, na kazi imepungua kidogo. Ila fedha huwa haba. Ndiyo maana ni lazima uiweke mapema, tangu malipo ya msimu uliopita.

Afadhali mwende kikundi. Mkiwa wengi, gharama ya mashua hugawanywa na kila mtu hulipa kidogo.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Newala unashuka mlima hadi Masasi. Kutoka Masasi unapita Ndanda, Nyangao na Mtama, mpaka Mnazi Mmoja. Hapo njia ya kulia inakwenda Mtwara. Wewe shika ya kushoto, uende Lindi. Kutoka Lindi endelea mpaka Nangurukuru. Hapo unaacha barabara ya Dar es Salaam na kugeuka kulia.

Sikiliza vizuri. Kilwa ziko tatu. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani ulio bara. Kilwa Masoko ni mji wa wilaya, nao uko bara. Kilwa Kisiwani ndiyo yenye magofu makubwa, nayo iko ng'ambo ya maji. Mwambie kondakta, "Nashuka Kilwa Masoko." Ukisema "Kilwa" tu, unaweza kushushwa pasipo pako. Nyumba za wageni zipo Masoko. Lala hapo, uvuke asubuhi.

KIBALI NA MASHUA

Kabla ya kuvuka, nenda kwenye ofisi ya serikali inayosimamia magofu, hapo Kilwa Masoko. Lipa kiingilio na upate kibali. Dai stakabadhi, kama unavyodai stakabadhi ya korosho ghalani. Mtu akikuambia ufukweni, "Nipe mimi fedha, nitakulipia," mkatalie kwa upole.

Omba mtembezaji anayetambuliwa na ofisi hiyo. Bila yeye utaona mawe tu. Ukiwa naye utajua hapa palikuwa msikiti, pale palikuwa kisima.

Patana bei ya mashua kabla ya kupanda, kwenda na kurudi. Muulize nahodha maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi. Dai boya la kuvaa kwa kila mtu. Mashua ikijaa watu kupita kiasi, ngoja nyingine. Sisi watu wa mlimani wengi hatujui kuogelea.

UKIWA KISIWANI

Chukua maji ya kunywa, chakula kidogo na kofia. Vaa viatu vya kufunga, kwa maana mawe ya matumbawe hukata. Kisiwani wanaishi watu, na wengi wao ni Waislamu. Akina mama wajifunike khanga. Akina baba wavae suruali ndefu au kanzu. Wape wazee shikamoo. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake.

Utauona Msikiti Mkuu wenye nguzo na makuba. Utaiona Husuni Kubwa, jumba la sultani lililokuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Utaona Gereza, yaani ngome, ambayo sehemu ya ukuta wake imechukuliwa na bahari.

Hapo mkulima ataelewa upesi. Mawimbi hula ufuko kama maji ya mvua yanavyokula shamba lisilo na matuta. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi. Kwa hiyo usikate mkoko hata wa fimbo.

Usipande juu ya kuta. Usiandike jina lako kwa mkaa. Usikanyage makaburi. Jiwe moja likilegea, mvua huingia ndani ya ukuta, na ukuta wote huanguka.

USICHUKUE KITU

Utaona vigae vidogo chini. Utasema, "Kimoja tu, nikawaonyeshe watoto." Kiache. Wageni 1,000 wakichukua kimoja kimoja, vigae 1,000 vimekwenda.

Fikiri habari ya Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Wenyeji waliibeba kichwani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Mnyama mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Leo mtoto wa Lindi akitaka kumwona, ni lazima asafiri hadi Ulaya.

Isitoshe, ni kosa la jinai. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda magofu na vitu vya kale. Sheria hiyo inafika hata shambani kwako. Jembe lako likigonga chungu cha kale, sarafu au mifupa ya ajabu, simama. Usiuze. Toa habari kwa ofisa mtendaji wa kijiji.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Someni habari hii pamoja, kisha mjadili:

1. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa safari ya Kilwa?

2. Ni wazee gani kijijini wanaojua habari za misafara ya zamani? Nani atawauliza na kuandika majibu yao?

3. Hapa kwetu kuna mahali gani pa kale? Nani anapatunza?

Kwenda Kilwa ni kujifunza kutunza. Ukirudi, wasimulie jirani zako ulichokiona, ili nao wakifika wakikute.