Peremende ya Ufini Mwakirunge

Mgeni kutoka Ufini alipofika kwetu Mwakirunge, upande wa Kisauni, alitugawia peremende nyeusi ziitwazo salmiakki. Lo! Ni chumvi yenye ukali wa amonia. Mzee wetu aliitafuna akaimeza yote kwa heshima ya mgeni. Nasi tukampa mabuyu, naye akakunja uso vilevile.

Lakini lugha yake ndiyo iliyonivuta. Nyumba ni talo, nyumbani ni talossa: huongeza mwisho wa neno, kama sisi na -ni yetu. Tena hän ni yeye, awe mume au mke. Akatueleza kwamba kabla ya amri ya mwaka 1863 maofisi yao yaliandika Kiswidi, si Kifini.

Mzee akauliza, “Na Kigiriama chetu je?”

Sisi makarani tukatazamana.