Miaka 40 ya ndoa: tulivyotafuta mahali pa kumkaribisha Mama

Wiki hii sileti habari za mapigano. Naleta habari ya chakula kimoja cha jioni hapa Goma.

Mwezi wa Agosti 2024, Papa na Mama walitimiza miaka 40 ya ndoa. Walioana Masisi mwaka 1984. Februari, vita ilipokaribia Sake, walikimbia na godoro moja. Walikaa miezi mitatu katika kambi ya Bulengo, mpaka nilipopata nyumba ya kuwapokea huku Ndosho. Sisi watoto wanne tulichanga dola 30 kila mmoja. Mdogo wetu wa Lubumbashi alituma zake kwa simu. Basi dola 120, watu watano, mlo mmoja wa heshima.

Najua kuna atakayesema: watu walikuwa wanalala na njaa kambini, na ninyi mlikuwa mnatafuta restora ya wakubwa? Mama mwenyewe alisema hivyo. Nisikilizeni kwanza.

Nilitembelea sehemu tatu. Majina nayaacha, sipendi kumfanyia mtu matangazo.

Ya kwanza ni hoteli kubwa kando ya Ziwa Kivu. Vitambaa vyeupe mezani, majani yamekatwa vizuri, maji ya ziwa mbele yako. Sahani ya samaki ilikuwa dola 25 bila kinywaji. Kwa watu watano ilikuwa 125, tayari tulikuwa tumepita mfuko. Hata hivyo nilitaka kukopa kidogo, nikampeleka Papa apaone. Mlangoni walimpekua, sawa, usalama ni usalama. Lakini ndani, kijana wa kupokea wageni alizungumza na mimi tu, kwa Kifaransa, kana kwamba Papa hayupo. Papa alisimama na kofia mkononi, kama alivyokuwa akisimama kwenye mstari wa kugawiwa unga. Tulipotoka akaniambia: «Mwanangu, pale ndani nilikuwa mzigo wako.»

Ya pili iko katikati ya mji, ghorofani. Kuku na ndizi za kukaanga zilikuwa dola 10, na sahani ilijaa. Lakini muziki ni wa nguvu sana, na Papa sikio moja halisikii vizuri. Kwa vijana wanaosherehekea diploma ni pazuri. Kwa wazee wawili wanaotaka kuongea, hapana.

Ya tatu iko Himbi, meza zimewekwa chini ya miti. Sahani ilikuwa dola 15. Mama mmoja wa makamo alikuja kutupokea, akamsalimia Papa kwanza, kwa Kiswahili: «Papa, karibuni. Mtakuwa wangapi? Na Mama anakula pilipili?» Nikaona Papa anavaa kofia yake tena. Hatukutafuta zaidi.

Tulienda saa kumi na moja jioni, maana usiku ukiingia taksi za kurudi Ndosho zilikuwa shida. Walipoleta karatasi ya vyakula, Mama aliishika bila kuisoma, kwa sababu imeandikwa kwa Kifaransa. Yule mama akainama, akamwelezea kimoja kimoja, kisha akamuuliza: «Mama, unapenda nini?»

Mama akanitazama mimi. Ndipo nilipoelewa kitu. Tangu Februari hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Kambini ulikuwa unasimama na jetoni yako, walikuwa wanakupimia unga, maharage na mafuta, unasema asante. Aliyetoa ndiye aliyechagua. Hata nyumbani kwangu nilikuwa nampikia bila kumuuliza, nikidhani ndiyo heshima.

Alifikiri muda mrefu. Akaagiza sambaza. Tulicheka wote, maana sambaza zinauzwa kila siku pale Kituku! Zilikuja za kukaanga, na limau na pilipili. Akatuambia kwamba baba yake alipokuwa kijana, sambaza hazikuwamo katika ziwa hili. Ni kweli: zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. «Na zenyewe zilihamishwa,» akasema, «lakini zilizaa.»

Mwishoni walileta fromaji ya Masisi. Papa aliuza maziwa kwa watengenezaji wa fromaji miaka mingi. Aliibonyeza kwa kidole, akainusa, akasema: «Hii bado changa, wameitoa haraka.» Akauliza inafikaje mjini. Yule mama akajibu: «Papa, siku nyingine inafika, siku nyingine haifiki.» Papa akala kipande chake polepole, bila kusema tena.

Hesabu yote: sahani tano dola 75, fromaji 6, vinywaji 15, taksi kwenda na kurudi 10. Jumla 106. Zilibaki 14, nikampa Mama. Kesho yake alinunua unga na kumpelekea jirani yake aliyekuwa amebaki Bulengo. Lakini kwanza alimpigia simu kumuuliza: «Unataka wa mahindi au wa muhogo?»

Kwa hiyo, ndugu, mkiwa na sherehe, hata ya dola 10, msianze na bei wala vitambaa vya meza. Mpelekeni mwenye sherehe mlangoni, mwangalie wanamsalimia nani kwanza. Na kwenu nyumbani, mliopokea wahami wa vita, leo jioni muulizeni mgeni wenu angependa kula nini. Hata kama ni sombe tu, achague yeye.